Kwani Songea ni mtu?

Swali hilo liliulizwa na binti wa kidato cha pili, amesimama kwenye jua la saa tano, kiganja kakiweka juu ya macho kama anayemtafuta mtu barabarani. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa Historia, na Vita vya Maji Maji, vya wenyeji dhidi ya utawala wa Wajerumani, nilikuwa nimewafundisha wiki mbili nzima. Binti kazaliwa wilaya ya Songea, anasoma Songea, sokoni anakwenda Songea, na siku ile ndiyo kwanza anang'amua kwamba jina hilo lilikuwa la mwanamume, Nduna Songea Mbano (nduna ni kiongozi wa vita wa Wangoni), aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na ambaye kaburi lake lilikuwa hatua chache kutoka pale aliposimama.

Mwongoza wageni alinitupia jicho, akatabasamu kidogo, kisha akamgeukia. "Ndiyo, mwanangu. Alikuwa mtu. Njoo nikuonyeshe."

Nimefundisha sekondari mkoani Ruvuma kwa miaka 19, na Makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge, mjini Songea, nimekwenda na wanafunzi mara nyingi mno. Walimu vijana huniuliza ziara hizi zina faida gani, maana ni usumbufu mtupu: barua ya mkuu wa shule, gari, wazazi, watoto wanaotapika njiani. Huwa nawasimulia kwanza ziara niliyoiharibu mwenyewe.

Shule yetu iko mbali na mji, kwa barabara ya vumbi. Mwaka ule nilibeba wanafunzi 90 kwenye magari mawili, na mkononi nilikuwa na karatasi ya maswali 40. Agizo langu lilikuwa moja: nakilini kila kilichoandikwa. Nao wakanakili kweli. Walijipanga mbele ya maandishi, migongo wameielekeza kwenye vitu vyenyewe. Kijana mmoja aliegemeza daftari kwenye nguzo ya sanamu ya nduna ili mwandiko wake usiende upande, na sanamu yenyewe hakuinua uso kuitazama. Mimi nilizunguka nikikagua madaftari kama msimamizi wa mtihani. Mwongoza wageni alijaribu kuzungumza mara mbili, akaona hana msikilizaji, akanyamaza.

Tuliporudi nilisahihisha. Karibu wote walikuwa na tarehe 27 Februari 1906, siku ambayo viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa pale Songea. Wawili walikuwa wameandika 1960. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na swali. Niliandika ripoti kwamba ziara imefana.

Mwaka uliofuata nikamkuta mwongoza wageni yuleyule. Alinipokea vizuri, tukasalimiana, akaniuliza habari za nyumbani. Halafu akasema kwa sauti ya chini, wanafunzi wasimsikie:

"Mwalimu, nina ombi. Madaftari yabaki kwenye gari."

"Sasa mzee, kwenye mtihani wataandika nini?"

"Wataandika walichokiona."

Sikuridhika, ila kubishana na mwenyeji kwake ni utovu wa adabu. Madaftari yakabaki.

Hakuanza na ukumbi wenye mikuki na ngao, ambako mimi ningeanzia. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye kaburi la pamoja, pasipo maelezo yoyote. Aliwaambia wasome majina kimyakimya, na yeyote atakayeona jina la ukoo analolijua kijijini kwao anyooshe mkono. Mwanzoni palikuwa na minong'ono. Kisha mkono wa kwanza, wa pili, kisha mikono mingi. Kulikuwa na kijana aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kunyoosha, maana jina la ukoo wake mwenyewe lilikuwa pale. Hakunyoosha. Wenzake ndio waliomwonyesha kidole. Mwongoza wageni akasema, "Mwacheni, hatumlazimishi," akaendelea na mengine. Wiki iliyofuata baba wa kijana huyo alikuja shuleni kwa baiskeli kuniuliza nimemwambia nini mwanawe, kwa sababu hajawahi kumwuliza maswali mengi kiasi kile tangu azaliwe. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi sikumwambia lolote.

Jambo la pili nililojifunza siku ile lilihusu kicheko. Kila mwaka, nikifika kwenye habari ya maji yenyewe, darasa hucheka. Watu wanakunywa dawa, wananyunyiziwa, wanaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji, halafu wanaikimbilia bunduki ya mtombo. Watoto wa leo wanaona ni ujinga mtupu. Nami nilikuwa nawanyamazisha, naendelea. Yule mzee hakuwanyamazisha. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, akauliza kwa upole kabisa:

"Nani hapa amevaa kitu shingoni?"

Rozari zikatoka kwenye kola za mashati. Wapo waliokuwa na hirizi. Hao waliangalia chini. Hakutoa mahubiri yoyote juu ya hilo. Aliwaeleza tu kazi ambayo maji yaliifanya: kwamba Kinjeketile Ngwale alianza kuyatoa kule Ngarambe, kwamba wajumbe walioitwa hongo waliyasambaza kutoka kwa jamii moja hadi nyingine, na kwamba vita vilipoanza Umatumbini Julai 1905 kwa kung'oa pamba, watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani walijikuta upande mmoja. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, baadaye Wangoni. "Nyinyi mngetumia nini kuwaunganisha," akauliza, "na simu hakuna?"

Hapo pia alinisaidia kuondoa mkanganyiko ambao sikujua kuwa ninao mikononi mwangu. Wanafunzi wangu walikuwa wakisoma habari za shambulio la Mahenge wakidhani ni Mahenge hii waliyosimama, mtaa wa mjini Songea. Boma lililoshambuliwa Agosti 1905 ni la Mahenge nyingine, iliyoko Ulanga, mkoani Morogoro. Miaka yote nimesahihisha insha zao, sikuwahi kugundua wanapigania vita mahali pasipo pake.

Niseme kidogo kuhusu lugha, kwa sababu hili liliniuma. Historia ya sekondari tumekuwa tukiifundisha kwa Kiingereza, na mtoto wa kijijini anayejua vizuri mambo ya kwao hugeuka bubu akitakiwa kuyasema kwa Kiingereza. Darasani kwangu Nduna Mkomanile, mwanamke pekee anayetajwa kati ya walionyongwa siku ile, alikuwa mstari mmoja ubaoni. Makumbusho, kwa Kiswahili, wasichana walimzunguka yule mzee hawataki kuondoka. Alitawala wapi? Aliolewa? Watoto wake walikwenda wapi? Yule aliyekuwa akipata alama za mwisho darasani ndiye aliyeuliza maswali matatu mfululizo. Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na nimelipokea kwa mikono miwili kwa sababu ya wasichana wale.

Ziara iliyonitikisa kuliko zote ilikuwa ya miaka michache baadaye. Nilikuwa nimezoea sasa, nawaacha waulize, najiona fundi. Tukiwa mbele ya sanamu za manduna, kijana mmoja kutoka upande wa Namtumbo, Mndendeule, akasema: "Samahani, mzee. Bibi yangu anasema Wangoni walipokuja walichukua watu wetu wakawafanya wao. Na sisi tuwaite hawa mashujaa?"

Mwalimu mwenzangu akaingilia haraka, "Hayo si maswali ya leo." Nami, nakiri, nilikuwa nafungua mdomo kusema hivyohivyo. Mwongoza wageni aliketi kwenye ngazi. Aliketi kabisa, kama mtu aliyefika kijiweni, akasema, "Swali zuri. Nani ana jibu?"

Yalichukua karibu nusu saa. Alichangia mambo mawili tu yeye. La kwanza, kwamba Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na kwamba njia nzima walikuwa wakiteka na kumeza jamii walizozikuta, ndiyo maana Wangoni wa leo wana damu za watu wengi. La pili, kwamba waliotekwa waliitwa sutu, na neno hilo halikuwa la heshima. Mengine waliyasema watoto wenyewe. Mmoja alisema babu zake walikuwa sutu na walipigana wakiwa Wangoni. Mwingine akasema waliokunywa maji walikunywa maji yaleyale, ya nini kuulizana kabila. Akajibiwa hapohapo na msichana kwamba si wote waliokunywa, wapo waliokaa pembeni na walikuwa na sababu zao. Kijana wa Namtumbo hakukubali wala hakukataa. Alisema atamrudia bibi yake.

Muda ulipokwisha hakuna aliyekuwa ameshinda. Nilipanda gari nikiwa na wasiwasi kwamba nimeanzisha ugomvi wa makabila kwenye shule ya serikali, na usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake niliwakuta wale wabishani wawili wamekaa dawati moja. Darasani swali kama lile ningelipa alama mbili na jibu moja.

Tangu hapo nikaanza kufanya kazi zaidi kabla na baada ya ziara kuliko siku yenyewe. Wazo nililipata kwenye jambo la kale. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi kwenye vijiji vya kwao, wakakaa na wazee, wakaandika waliyosimuliwa kuhusu Maji Maji. Kazi hiyo iliongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, na mengi tunayoyafundisha yametoka vinywani mwa wazee wale. Wakati huo mashahidi walikuwepo: aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na 73. Leo hakuna aliyebaki. Lakini wapo waliolelewa na watu waliolelewa na mashahidi hao, nikaona hicho nacho si kidogo. Nikawatuma wanafunzi nyumbani kwa swali moja tu: hapa kwetu wakati wa vita palitokea nini?

Nilitegemea mikuki. Waliniletea njaa. Karibu kila aliyerudi na kitu alirudi na habari ya vihenge vilivyochomwa, mashamba yaliyoteketezwa, watu waliokula mizizi ya porini, ukoo uliohama usirudi. Mzee mmoja alinitumia ujumbe kwa mjukuu wake: "Mwambie mwalimu wako vita havikuishia kwenye kitanzi. Viliishia kwenye chungu." Na kitabuni yamo, nilikuwa nayapita mbio tu. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa wala si risasi. Siku hizi tukiingia makumbusho tukafika kwenye silaha, nawauliza wanafunzi hapa njaa ipo wapi, nawaacha waitafute.

Wazazi nao nilikuwa sijawahi kuwafikiria. Kwangu makumbusho yalikuwa ya wanafunzi na Wazungu wenye kamera. Lakini kila tarehe 27 Februari Songea hujaa watu wa kumbukizi, wazee kwa vijana, na mwaka mmoja niliamua kwenda na wazazi 11 badala ya wanafunzi. Wengi walikuwa hawajaingia ndani hata siku moja, ingawa mjini wanafika kila mwezi kufuata mbolea. Mama mmoja aliniambia alidhani ni ofisi. Akazunguka polepole, akasimama mbele ya vyombo vya kale, akaanza kuwaeleza wenzake kila kimoja kilitumikaje, na kipi kimewekwa kichwa chini. Mwongoza wageni alikuwa nyuma yake anasikiliza, mikono ameifunga mgongoni kama mwanafunzi.

Kisha ikaja tarehe 1 Novemba 2023. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika makumbusho pale, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la nduna huyo linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Wiki ile sikuwa na haja ya kushawishi mtu yeyote kwamba Historia ni somo la maana. Msichana wa kidato cha kwanza aliniuliza, "Mwalimu, kama kichwa hakipo, tunapolisimamia lile kaburi tunamsimamia nani?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia ampelekee mzee wa makumbusho, na akampelekea.

Mambo ya kawaida nayamaliza upesi. Wanafunzi 90 ni wengi. 35 wanatosha, na ni bora kwenda mara mbili. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kumchangisha mzazi ni jambo la kuliendea kwa uangalifu, hivyo kaeni na kamati ya shule mapema, msikurupuke. Pigeni simu kabla ya kwenda. Waende chooni kabla ya kaburi, wasiende katikati. Na mwalimu asijibu swali lililoulizwa kwa mwenyeji, hata kama jibu linamwasha ulimi. Hili la mwisho limenishinda mara kadhaa.

Nimalizie na heleri.

Mwaka mmoja nilisema kila atakayeweza aazime nyumbani kitu cha zamani, kwa ruhusa, tukakionyeshe makumbusho. Vilikuja vinu vya tumbaku, shoka, picha za arusi za miaka ya sabini. Binti mmoja alikuja na kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake sarafu ya shaba nyeusi, ndogo kuliko shilingi mia. Upande mmoja taji, maneno ya Kijerumani yanayotaja Afrika Mashariki, na chini mwaka: 1909. Upande wa pili, namba 1 na neno Heller, limezungukwa na majani.

Mwongoza wageni aliiweka kiganjani akaipitisha kwa kila mtoto. Kila mmoja aliishika. Kisha akawapa hesabu: kodi ya nyumba ya mtu wa kijijini ilikuwa rupia 3, na kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa heleri 100. Mngehitaji hizi ngapi? Wakapiga kelele, 300! Akairudisha kwa binti, akamwuliza mwaka ulioandikwa. Binti akasoma, akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Vita viliisha 1907. Sarafu ilitengenezwa miaka miwili baadaye.

"Kwa hiyo walipigana yote yale," akasema, "na kodi wakaendelea kulipa?"

Hakuna aliyemjibu. Sarafu ikarudi kwenye kitambaa, fundo likafungwa.

Mzee yule aliniomba nimfikishe kwa bibi wa binti, pengine angekubali kuikabidhi makumbusho itunzwe. Tulikwenda wote wawili Jumamosi moja. Tukapewa vigoda, tukaandaliwa ugali na dagaa wa Nyasa, tukala, ndipo akatoa ombi lake kwa adabu zote. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Baba yangu aliipata kwa kubeba mizigo ya watu," akasema. "Aliificha wasije wakaichukua. Sasa nyie mnataka niwape wenyewe?"

Mzee akacheka, nami nikacheka, bibi hakucheka. Lakini alisema tukiitaka kwa siku moja, kwa ajili ya watoto, atatuazima, ilimradi irudi kabla jua halijazama. Akamtuma mjukuu ndani alete daftari. Lilikuwa daftari la shule, kurasa chache zimebaki. Yeye hajui kusoma, hivyo binti ndiye aliyepiga mistari kwa rula: jina, kimechukuliwa lini, kimerudi lini, sahihi.

Binti yule siku hizi ni nesi mkoani Njombe, na daftari analiandika mdogo wake. Jina langu limo mara saba. Mwaka juzi gari liliharibika tukachelewa kurudi, na kwenye safu ya tatu, mbele ya sahihi yangu, bibi aliamuru iandikwe: usiku.